Mnyororo wa Meza ya Mkesha

Luxembourg,
Tarehe 23 Novemba

Mpendwa Baba,

Naanza na goti, maana nikikuuliza hali yako utajibu kwamba u mzima kama mti wa msonobari, huku goti lenyewe limevimba kama mkate uliosahauliwa kwenye chachu. Je, ulikwenda kwa daktari kule Brezno kama ulivyoniahidi, au bado unalipaka mafuta ya nguruwe na kulitukana trekta? Nijibu kweli. Mimi mwanao sijambo kwa mwili, nakula, nalala, na masomo yanakwenda. Huku hakuna theluji bado, ni mvua ya kijinga tu isiyojua kuanza wala kuacha. Vipi majirani? Na mbwa, bado ana ugomvi na mleta barua? Kama bado, basi mpe pole mleta barua huyo, maana hii aliyokuletea leo ni nzito.

Naomba uisome umekaa, na uwe umeshakula.

Kwanza nikushukuru kwa jibini. Kifurushi ulichompa dereva wa basi kilifika salama, ila harufu ilitangulia. Evanthia, yule Mgiriki ninayekaa naye, alifungua mlango akauliza ni nani amekufa na kwa nini hatujamzika. Nilimwambia anyamaze angoje. Nikapika madonge ya viazi kama alivyokuwa akipika Bibi, nikamwaga jibini na mafuta ya nyama juu yake, na Baba, yule mtu alikula sahani tatu akalamba kijiko. Sasa kila wiki ananiuliza baba yetu atatuma lini tena. Eti nikwambie kwamba umepata binti mwingine, hana gharama, kazi yake ni kula tu.

Kuna jambo sijawahi kukwambia kwa simu, nikiogopa ningelia na wewe ungedhani nimefukuzwa chuo. Sisi wanafunzi huruhusiwa kwenda kwenye ile mahakama kubwa ya Ulaya, ile yenye minara ya rangi ya dhahabu uliyoiona kwenye picha, kusikiliza kesi. Kila kiti kina vipokea sauti vya masikioni, na nyuma ya vioo wamekaa wakalimani. Siku ya kwanza nilikwenda kusikiliza nchi mbili zikigombana juu ya mayai, yaani namna ya kuandika kwenye boksi kwamba kuku amelelewa vipi. Nikazungusha kitufe hivi hivi, mara nikasikia mwanamke anaongea Kislovaki sikioni mwangu. Kislovaki chetu, Baba, cha kwetu milimani, anavuta maneno kama alivyokuwa akivuta Bibi. Sikujua tena kesi inahusu nini. Nilikaa saa mbili nzima nasikiliza habari za mayai, machozi yananitoka. Tangu hapo huwa naangalia ratiba, na siku ambayo kuna ukalimani wa Kislovaki naenda, hata kama kesi ni ya sukari au ya misumari. Evanthia anasema mimi ndiye mtu pekee katika Ulaya nzima anayelilia mayai. Acha aseme. Nyumbani kumenikaa kooni, Baba, na tangu Bibi afariki mwezi wa pili kumezidi.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Profesa wetu wa sheria za familia anaitwa Godelieve, mama wa Kibelgiji, mfupi, mkali, anayetembea na saa ya mchanga ya kuchemshia mayai ndani ya mkoba. Ana namna yake ya kufundisha. Kila mwezi huchukua kesi moja ya zamani iliyoamuliwa pale mahakamani, akaifupisha nusu ukurasa, akafuta majina, akafuta na nchi. Halafu anatugawa: wewe upande huu, wewe ule. Kila mmoja anatetea upande wake mpaka mchanga uishe, kisha darasa linapiga kura. Ni baada ya hapo tu ndipo anatupa hukumu yenyewe, kila mwanafunzi kwa lugha ya kwao, akaisome nyumbani, kwa sababu hukumu zote hutoka kwa lugha zetu zote na yeye hupenda tuzilinganishe. Anasema mwanafunzi anayesoma hukumu kwanza hujifunza kutii, na anayebisha kwanza hujifunza kuona aibu, na wakili mwenye aibu ndiye anayefaa.

Kesi ya mwezi wa kumi ilikuwa hivi. Baba ni wa nchi moja, mama ni wa nchi nyingine, hawajaoana. Mtoto anaishi na mama yake. Krismasi ikikaribia, baba anaomba ruhusa amchukue mtoto wiki mbili akamwone bibi yake. Mama anakubali. Wiki mbili zinakuwa mwezi, mwezi unakuwa miaka miwili. Sheria ya Ulaya inasema kesi ya mtoto isikilizwe pale yalipo makazi yake ya kawaida. Basi Profesa akauliza, je, nyumbani kwa mtoto huyu ni wapi: kule alikotolewa, au huku alikokwisha kuzoea?

Mimi nilipewa upande wa baba, Evanthia upande wa mama.

Ungenisikia, Baba, ungevimba kichwa. Nilisimama nikasema nyumbani kwa mtoto hakuko kwenye karatasi, kuko pale anapojua njia ya jikoni akiwa amefumba macho. Nikasema mtoto si mzigo ulioshushwa kituo kisicho chake, kwamba ukigundua kosa unaupakia tena kwenye treni. Nikauliza, ana lugha gani, ana rafiki gani, nani anamfunga kamba za viatu? Evanthia akajibu kwa hasira kwamba ukiiba ng'ombe ukamlisha miaka miwili hawi wako, na darasa likacheka, lakini mchanga ulikuwa umeshamwishia. Kura zikapigwa. Nikashinda kumi na moja kwa nne. Evanthia alininunia mpaka nilipomnunulia viazi vya kukaanga sokoni, na mimi usiku ule nusura nikupigie simu nijisifu.

Profesa akanipa hukumu kwa Kislovaki. Akasema nina bahati, maana yangu ndiyo lugha ya kesi: jaji aliyeipelekea mahakama hii swali alikuwa wa kwetu, na wenzangu wote wana tafsiri tu. Nilifurahi kweli. Nikaweka maharagwe jikoni, nikakaa kusoma. Aya ya tisa ikasema mama ni Mwitaliano, baba ni Mslovaki, dereva wa mashine za msituni. Nikasema, haya, kama wewe. Aya ya kumi na moja ikasema mtoto amezaliwa Cles, tarehe kumi na moja mwezi wa tatu. Baba, akili ya binadamu ni punda. Ikifika mahali isipotaka kupita inakaa chini, hata uichape. Nilijiambia Cles ni mji, wanazaliwa watoto wengi huko, si mimi peke yangu, na mmoja wao tumezaliwa naye siku moja, ajabu iliyoje. Hadi nilipofika aya ya kumi na nne. Hapo wameandika ushahidi wa bibi wa mtoto, mpishi wa shule ya kijiji, aliyemweleza jaji kwamba mtoto ni mzima, anakula vizuri, ila halali mpaka avikwe kofia ya sufu kichwani, hata iwe mwezi wa saba.

Kofia yangu nyekundu iko hapa kwenye droo. Niliichukua siku ya maziko.

Maharagwe yaliungua yote, na sufuria nimeitupa. Nilikutetea, Baba, kabla sijajua kwamba ninayemtetea ni wewe.

Wewe uliniambia mama alishindwa kunilea, akanikabidhi kwako. Ukaniambia alikuja mara moja tu, akanitazama, akaondoka zake. Miaka yote hiyo nilijifunza kutomtaka mtu ambaye hakunitaka. Shuleni wenzangu wakitengeneza kadi za mama, mimi nilitengeneza ya Bibi na nikawaambia yangu ndiyo nzuri zaidi. Sasa nasoma kwa lugha yangu mwenyewe, kwa muhuri wa majaji wa Ulaya, kwamba mama huyo alikwenda mahakama ya Trento, akaenda ya Brezno, akaenda ya Banská Bystrica, akasubiri mpaka swali lake likafika Luxembourg. Na majaji wakajibu kwamba siku zinazopatikana kwa kumzuia mtoto hazigeuki kuwa nyumbani kwake. Wiki mbili ni wiki mbili, hata zikidumu miaka miwili. Alishinda, Baba. Ulijua kwamba alishinda.

Nisikufiche, nilikasirika. Nilitaka kukupigia simu nikutukane yale matusi ya msituni uliyonifundisha bila kujua wakati unabadilisha matairi. Mara tatu nilishika simu, mara tatu nikaiweka. Niliogopa ungeitika ile "haloo" yako ya kupiga kelele, kana kwamba unaniita ng'ambo ya bonde, na hasira yote ingeniisha kabla sijasema.

Badala yake nilimfuata Profesa. Nilimuuliza kama mtu anayeuliza habari za watu baki: ikiwa mama alishinda, mtoto alirudishwa? Akasema hukumu haisemi. Akasema majaji wale hawaamui nani amchukue mtoto, wao hujibu swali la sheria, kisha jalada hurudi kwa jaji aliyeuliza, na katika jumba lile lote hakuna mtu aliyewahi kumwona mtoto. Alisema amefundisha kesi hiyo miaka kumi na kila mwaka hujiuliza alikuwa nani. Halafu akanitazama vizuri. Akaniuliza nimezaliwa lini. Nikamwambia. Yule mama mkali akaitia saa yake ya mchanga mkobani, akaketi nami kwenye ngazi za chuo katika mvua, tramu mbili zikapita bila yeye kupanda. Hakuniambia la kufanya. Aliniuliza tu kama nina mahali pa kulala vizuri usiku ule.

Baba, siku ya Watakatifu Wote uliponipigia, ukaniambia umetoka kumwashia Bibi mishumaa peke yako na upepo umeizima mara mbili, mimi nikakujibu kwamba niko maktaba nasoma. Nilikudanganya. Nilikuwa ndani ya treni ndogo inayopanda kutoka Trento kwenda Cles. Kelele uliyoisikia, ile uliyouliza kama ni mvua, ilikuwa ya reli.

Jina la mama nilikuwa nalo kwenye cheti cha kuzaliwa, na kazi yake kwenye hukumu, lakini anwani sikuwa nayo. Niliingia duka la mikate nikauliza kwa Kiitaliano changu cha wiki mbili kama wanamjua Loredana, anayelima matufaha. Muuza mikate akanitazama usoni, wala hakuuliza mimi ni nani. Alivua aproni, akafunga duka lake saa nne ya asubuhi, akanipeleka mwenyewe mpaka mlangoni. Njiani alinikamata mkono kama mtoto anayevushwa barabara.

Loredana ni mfupi kuliko nilivyofikiri. Ana miwani anaipandisha kwenye paji la uso halafu anaitafuta. Alifungua mlango, akasema jina langu lote, Bronislava, na hakulikosea hata kidogo. Baadaye nilimuuliza, na Waitaliano jina hili linawavunja meno, yeye amelijuaje? Akasema amekuwa akilisema kila siku ili siku likihitajika lisimkwame. Kislovaki anacho kidogo, amekiokota kwa vijana wa kwetu wanaokwenda kuchuma matufaha, kwa hiyo anajua kusema ngazi, kikapu, harakisha, na matusi manne. Moja ni lako kabisa, Baba, hilo la paka na padri. Tulicheka mpaka tukalia, halafu tukaendelea kulia bila kucheka.

Aliniuliza habari zako kabla ya kuuliza za kwangu. Hakukusema vibaya. Mimi ndiye niliyetaka akuseme vibaya, nikamchokoza, akakataa. Alisema tu kwamba mlikuwa vijana, kwamba ulikuwa unaogopa angeolewa na mtu mwingine na mimi nimwite huyo baba, na kwamba woga humfanya mtu mwema awe mwizi.

Kisha akanieleza siku aliyokuja. Wewe unaijua, lakini sikiliza jinsi ilivyo upande wa pili. Uamuzi wa mwisho ulitoka Desemba. Dalali wa mahakama alitaka aje na polisi baada ya sikukuu. Yeye akakataa, akasema mwanawe asichukuliwe kama sofa. Alipanda treni siku mbili, akapanda basi, akatembea kutoka barabara kuu na begi la matufaha begani, karatasi ya mahakama kifuani. Hakujua kwamba ni saa ile ile mnayokaa mezani kwa chakula cha mkesha wa Krismasi. Ulitaka kumfungia mlango. Bibi ndiye aliyekuzuia, akasema usiku huu sahani ya mgeni imeshawekwa, na anayekuja ndiye mwenyewe, awe ombaomba au awe adui. Akamkalisha. Akampaka asali kwenye paji la uso kama sisi sote. Kwa vidole akamwonyesha mnyororo uliofungwa kwenye miguu ya meza, kwamba unatushika tusitawanyike mwaka mzima, na akamwonyesha kwamba mtu asiinuke kabla chakula hakijaisha, ila mama wa nyumba tu, maana atakayeinuka mwakani hatakuwepo.

Nami nilikuwa chini ya meza.

Hapa, Baba, ndipo penye jambo langu. Hilo la treni ni dogo. Hili sijamwambia mtu, hata Evanthia.

Mnyororo ule naukumbuka. Siku zote nimeukumbuka ulivyo baridi mkononi, nikadhani ni kumbukumbu ya Krismasi zote zikichanganyika, maana kila mwaka mtoto huingia chini ya meza. Sasa najua ni ya siku ile moja. Niliona viatu vya kigeni vyenye matope, karibu yangu. Mkono ukashuka chini, umeshika tufaha, ukaningoja. Nami nikashika mnyororo kwa mikono miwili, nikamwita Bibi kwa sauti, nikasema: "Bibi, mwambie huyu mama aende kwao, hapa si kwake." Nilikuwa na miaka minne na miezi tisa. Najua, mtoto. Lakini nilisema, na nikarudia.

Loredana wakati ule hakujua neno hata moja la Kislovaki. Alisikia sauti tu. Akazishika zile sauti zilivyo. Alikaa mpaka samaki alipoletwa, kisha akainuka. Anasema Bibi aliziba mdomo kwa mkono. Wewe ulikuwa unatazama sahani. Akaacha begi la matufaha kwenye kiti, akatoka na karatasi yake kifuani, hakumwonyesha mtu. Msimu uliofuata wa mavuno, alimwendea kijana mmoja wa Zvolen juu ya ngazi, akamtamkia zile sauti moja moja, akamuuliza zina maana gani. Kijana akakataa kusema. Akambana siku nzima mpaka akasema.

Nilipiga magoti sakafuni kwake, Baba. Nikamwomba anisamehe. Akaniinua, akanikaripia kwa hilo tusi la paka na padri. Akasema majaji wote walikuwa wamekwisha kuzungumza, mawakili wamezungumza, yeye na wewe mmezungumza mpaka mkaishiwa. Aliyebaki ni mtoto, na mtoto akatoa hukumu yake chini ya meza, na hukumu ile hakuna mahali pa kuikatia rufaa. Akasema sheria ilikuwa mkononi mwake, angeweza kunifungua vidole kimoja kimoja kutoka kwenye ule mnyororo, na ningerudi Cles, na ningemchukia. Akaamua atangoja nimtafute mwenyewe. Hakuhama nyumba, hakubadili namba ya simu. Amengoja miaka kumi na minane.

Na matufaha, Baba! Kila vuli lilikuja sanduku la mbao, nawe ukasema ni bosi wako wa zamani wa Italia anakukumbuka. Nikasema moyoni, Waitaliano wana mabosi wema namna gani. Kila mkesha tulikata tufaha moja katikati kuangalia kama mbegu zimekaa mfano wa nyota, Bibi akashangilia kwamba tuko salama mwaka mzima. Lilikuwa la mama. Na mimi mpumbavu nikaona kila sanduku limekwanguliwa ubavu mmoja, nikadhani ni panya. Uliondoa jina lake kwa randa, lakini sanduku hukulirudisha hata mwaka mmoja, na tufaha la mkesha hukununua dukani hata siku moja. Nimewaza sana juu ya hilo ndani ya treni ya kurudi.

Nikawaza na jingine, na hili nataka uniambie ukweli, hata kama kweli hiyo haikupendezi. Uliponiambia kwamba alikuja, akanitazama, akaondoka zake, ulikuwa unajiokoa wewe tu? Au ulikuwa unanificha mimi maneno yangu? Maana ulikuwepo. Uliyasikia. Ungeweza kuniambia siku yoyote niliyokuudhi, na nilikuudhi siku nyingi, kwamba aliyemfukuza mama yangu ni mimi. Hukusema. Ulikubali nikue nikidhani yeye ndiye mbaya, ili nisije nikajiona mbaya. Kama ndivyo, Baba, ulinipenda vibaya, lakini ulinipenda. Hasira yangu bado ipo, usidhani imekwisha, tutagombana vizuri tukikutana. Ila siwezi kukuchukia. Nimejaribu wiki tatu, sina kipaji hicho.

Mwaka huu nataka kuja nyumbani na mama.

Nimemwuliza, amekubali, halafu akakataa, halafu akakubali. Anaogopa jambo moja tu, na si wewe. Anasema aliinuka mezani kabla ya wakati, akaenda akauliza maana yake, akaambiwa, na mwaka uliofuata kweli hakuwepo, wala uliofuata huo. Nikamwambia mwiko huo umeshamaliza kazi yake. Lakini tukifika na ukatuonyesha uso wa kumfungia mtu mlango, atageuka, namjua sasa. Kwa hiyo naomba jibu lako mapema. Ukisema hapana, nitakuja peke yangu, nitakula nawe, kwa sababu huko ndiko nyumbani. Nilisema hivyo mbele ya darasa zima na bado naamini. Lakini Baba, sahani ile ya mgeni itakuwa inatutazama sisi wawili jioni nzima, nami sijui kama nitaweza kumeza.

Ukisema ndiyo, tutafika tarehe ishirini na tatu Desemba kwa basi la mchana. Usipike chochote, supu ya kabichi chachu nitaipika mimi kwa daftari la Bibi. Sanduku la matufaha safari hii linakuja mikononi mwa mwenyewe, basi lisipigwe randa. Nisalimie majirani wote, mwambie mke wa fundi saa kwamba shali yake inanifaa sana. Evanthia anakusalimu na anauliza jibini. Profesa Godelieve naye, niliyemwambia nakuandikia, amesema nikupe heshima zake na nikukumbushe goti. Washa mshumaa mmoja kwa Bibi kwa niaba yangu, na uukingie upepo kwa kofia yako.

Mnyororo ufunge kwenye miguu ya meza kama kawaida, ukaze vizuri. Bibi hayupo, na mtu wa kuleta supu na samaki lazima awepo. Mwaka huu mwenye kuinuka ni mimi. Wewe na mama mtakaa mpaka chakula kiishe.

Mwanao akupendaye,
Bronka